Monita ya OLED na gemu za mpira: nani anunue, nani aiache

Msomaji wetu wa Makorora, Tanga, ameandika hivi:

"Assalaam aleikum, fundi. Nina PS5 na monita ya kawaida ya inchi 24. Kuna jamaa analeta mizigo kutoka Dubai, ana monita ya OLED ya inchi 27, imetumika lakini kwa macho ni safi. Nimeiona ikiwaka, weusi kama ule sijapata kuuona. Nacheza EA FC usiku baada ya kazi, na mwakani nataka kufungua kibanda cha gemu Ngamiani, niihamishie huko. Watu wananitisha kwamba OLED inaungua, kile kiboksi cha matokeo kinabaki kwenye kioo milele. Wengine wanasema hayo yalikuwa ya zamani. Tena nasikia joto na hewa ya bahari ya huku kwetu vinaimaliza haraka. Ninunue au niache?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Swali lako ni moja lakini ndani yake mna matumizi mawili, na majibu yake hayafanani. Kwa kucheza nyumbani usiku baada ya kazi, nunua, ila uikague kwanza kama nitakavyokueleza. Kwa kibanda cha gemu iache, hata jamaa akikupunguzia nusu ya bei. Waliokutisha wana hoja, na waliosema mambo yamebadilika nao wana hoja. Hawaelewani kwa sababu kila mmoja ana saa zake za matumizi kichwani.

Monita uliyonayo sasa ni LCD. Nyuma yake kuna taa zinazowaka muda wote, na mbele ya taa kuna fuwele za kimiminika zinazopitisha mwanga au kuuzuia. Taa zikichoka, kwa kawaida skrini nzima inafifia pamoja. OLED haina taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayounda picha, inawaka yenyewe, kwa matabaka membamba ya kemikali za kaboni yanayotoa mwanga umeme ukipita. Chanzo chake ni maabara za Eastman Kodak, Marekani, ambako Ching Tang na Steven Van Slyke walichapisha andiko lao mwaka 1987. Pikseli ikitakiwa kuwa nyeusi inazimwa kabisa, na ndio huo weusi uliokuvutia. Tena inabadilika rangi kwa muda ulio chini ya milisekunde 1, kwa hiyo mpira ukipigwa kwa kasi hauburuzi ukungu nyuma yake kama kwenye monita nyingi za LCD. Kwa mchezaji wa gemu ni raha ya kweli, na sikulaumu kwa kuipenda.

Hasara inatoka hapo hapo. Kila pikseli inapowaka, kemikali zake huchakaa kidogo, na zikichakaa hutoa mwanga hafifu kuliko mwanzo kwa umeme ule ule. Zote zingechakaa sawasawa usingegundua kitu. Ungeongeza mwangaza kidogo ukaendelea na mechi. Shida ni pale sehemu moja ya skrini inapofanya kazi kuliko nyingine. Ni kama kanga iliyosahauliwa kambani ikiwa imekunjwa: jua linapausha upande wa nje tu, na siku unaikunjua ndipo unapouona mstari. Pikseli za kona ile ya matokeo zimechoka kuliko jirani zake, na ukijaza skrini rangi moja, tofauti hiyo inatokea kwa umbo la kiboksi.

Kwa hiyo usiwaze usiku mmoja wa bahati mbaya, kwamba ukisinzia PS5 ikiwaka utaamka kioo kimekwisha. Kivuli cha usiku mmoja aghalabu ni cha muda, kinaondoka chenyewe skrini ikionyesha mambo mengine au ikipumzika. Kinachoacha alama ya kudumu ni jumla ya saa, na hesabu hiyo hairudi nyuma. Saa 2 za jana na saa 2 za leo ni saa 4, hata kama katikati ulizima ukalala.

Rangi nazo hazilingani. Bluu ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa mwanga wake una nishati kubwa kuliko wa nyekundu na kijani, na nishati hiyo huvunja taratibu kemikali zenyewe zinazouzalisha. Ongeza kwamba kemikali za bluu zilizozoeleka hazina ufanisi mkubwa, hivyo husukumiwa umeme mwingi zaidi ili zitoe mwanga wa kutosha. Watengenezaji wakubwa wa vioo vya monita wamepita njia mbili. LG Display hutengeneza kioo kinachotoa mwanga mweupe, kisha vichujio vya rangi vinafuata, na kuna kijipikseli cha nne cheupe cha kusaidia mwangaza. Samsung Display, kwa vioo vya QD-OLED vilivyoingia sokoni mwaka 2022, hutumia mwanga wa bluu, kisha chembe ndogo mno zinaugeuza kuwa nyekundu na kijani. Zote mbili zinapata alama. Ukisikia muuzaji anakuapia kwamba hii ni QD-OLED kwa hiyo haiungui, jua anauza.

Jambo linaloamua kuliko aina ya kioo ni mwangaza. Ukiongeza mwangaza mara mbili, maisha ya kemikali hayapungui nusu tu, yanapungua zaidi: kwa kawaida hubaki kati ya theluthi na robo. Mtu anayecheza usiku chumba kikiwa na giza, monita ikiwa kwenye mwangaza wa wastani, na mtu anayecheza mchana mlango wazi monita ikiwa imesukumwa mpaka mwisho, hawatumii kioo kimoja hata kama wamenunua siku moja duka moja.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unahusu gemu yako yenyewe. Mwaka 2018 wapimaji wa Rtings, tovuti ya Kanada inayopima televisheni na monita, walichukua televisheni 6 za OLED za aina moja, LG C7, wakaziwasha saa 20 kwa siku, kila moja na kazi yake. Mbili zilionyesha CNN, moja kati ya hizo ikiwa na mwangaza wa juu kabisa. Nyingine zilikuwa na vipindi vya kawaida na michezo, moja ilikuwa na FIFA 18 (EA FC kabla haijabadilishwa jina), na moja Call of Duty: WWII, gemu ya vita. Zilipopita saa 5,000, za CNN zilikuwa na alama za wazi za nembo na upau wa habari. Ya FIFA 18 nayo ilikuwa imeanza kuonyesha alama kwenye rangi zilizojaa skrini nzima. Ya Call of Duty haikuwa na la kusumbua.

Hebu litazame hilo. Gemu mbili, kioo cha aina moja, saa zile zile, na matokeo tofauti. Mimi naona sababu iko wazi kwa kila anayecheza mpira wa kwenye skrini: kiboksi cha matokeo na saa kinakaa juu kushoto, kina rangi nzito na maandishi meupe, na hakisogei tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, mechi baada ya mechi. Chini katikati kuna kile kiramani cha wachezaji, nacho hakihami. Uwanja wenyewe ni kijani kilekile, lakini kamera inatembea, kwa hiyo hauna tatizo. Vioo vya leo ni imara kuliko vile vya 2017, vina kemikali bora na vinapoza joto vizuri zaidi, lakini utaratibu haujabadilika: kinachong'aa na kisichosogea ndicho kinachoacha alama.

Nimewahi kuwekewa mezani kioo kilichotoka kwenye kibanda cha gemu. Mwenyewe alidhani waya umelegea. Kikionyesha mechi, kilikuwa kizuri tu. Nikakipeleka kwenye kijivu cha wastani, skrini nzima rangi moja, na pale juu kushoto pakajitokeza kiboksi cheusi-cheusi chenye kingo kali kama zimekatwa kwa wembe. Ndani yake hapakuwa na namba. Namba za saa na za magoli hubadilika kila mara, kwa hiyo zilikuwa zimechanganyika zikawa ukungu tu, ila pale inapokaa alama ya nukta mbili kati ya dakika na sekunde palikuwa na vidoti viwili safi, kwa kuwa vyenyewe havibadiliki. Nikabadilisha kuwa bluu tupu, kiboksi kikakolea. Nikaweka nyekundu, kikafifia. Hakukuwa na waya wa kurekebisha wala spea ya kubadili isipokuwa kioo chenyewe, na kioo ni karibu bei ya monita nzima.

Sasa weka hesabu ya kibanda chako. Kikifunguliwa saa 4 asubuhi mpaka saa 6 usiku ni saa 14 kwa siku, na vijana wa Ngamiani hawatakuja kucheza gemu za kutembea msituni. Watacheza mpira. Saa 14 kwa siku 365 ni saa 5,110. Wewe nyumbani ukicheza saa 2 kila usiku bila kukosa, mwaka mzima ni saa 730. Kibanda kitamaliza kwa mwaka 1 kile ambacho wewe ungekimaliza kwa miaka 7. Na kibandani mlango uko wazi, mwanga wa barabarani unaingia, mteja anataka picha ing'ae, kwa hiyo mwangaza utapandishwa. Ikiwa hiyo ya jamaa ni QD-OLED kuna la ziada: nyingi hazina ile karatasi ya kuchuja mwanga inayokaa mbele ya vioo vingine, kwa hiyo mchana ule weusi uliokuvutia unageuka kijivu chenye uzambarau, tena uso wake unachubuka kirahisi. Kwa mahali ambapo watoto wanaonyeshana mchezaji kwa kugusa kioo na ncha ya padi, hapana. Kibandani weka monita za IPS, ambazo ni aina ya LCD, zinazofikia Hz 120 au 144, yaani picha 120 au 144 kwa sekunde. PS5 yenyewe haivuki Hz 120, na IPS utaiwasha kutwa bila kuwaza kona ya juu kushoto.

Turudi nyumbani kwako, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapoumiza kioo bila kujua.

Monita za OLED zina utaratibu wa kujirekebisha. Baada ya matumizi ya saa kadhaa, kwenye vioo vingi ni kama 4 kwa jumla, ukiizima kwa kitufe chake haizimiki moja kwa moja. Skrini inakuwa nyeusi lakini ndani inapima pikseli zake kwa dakika chache na kusahihisha umeme wa kila moja, iliyochoka iongezewe ili ilingane na wenzake. Kuna na utaratibu mrefu zaidi, wa karibu saa nzima kwenye baadhi ya vioo, unaofanyika mara chache baada ya saa nyingi sana za matumizi. Yote hayo yanahitaji umeme uwepo ukutani.

Na sisi je? Sisi tumelelewa kuzima swichi ya ukutani na kuchomoa. Tunaokoa yuniti za LUKU, na tunaogopa umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo unaunguza vyombo. Hofu hiyo ni ya haki kabisa. Lakini mtu anayemaliza mechi, anazima PS5 na kupiga swichi ya ukutani papo hapo, kila usiku, anainyima monita nafasi yake ya kujisahihisha kwa miezi. Alama zinaanza kuonekana mapema, na yeye analaumu kampuni.

Fanya hivi: ukimaliza kucheza, zima monita kwa kitufe chake, iache. Monita nyingi taa yake hubadilika rangi au kupepesa wakati ikijisahihisha, kisha hutulia. Piga mswaki, funga milango, rudi baada ya kama robo saa, ndipo uzime ukutani ukitaka. Umeme ukikatika katikati, usihofu, kioo hakiharibiki kwa hilo. Kazi ile tu haijakamilika, na utaipa nafasi kesho. Ukiweza, nunua UPS ndogo (kile kiboksi cha betri kinachoshika umeme ukikatika), hata ya VA 650. Itakulindia PS5 vilevile.

Huo utaratibu mrefu, ambao monita nyingi zinakuruhusu kuuanzisha mwenyewe kwenye menyu, usiufanye kila wiki kwa kujipendekeza kwa kioo. Uache ujifanye wenyewe monita ikiuomba, au uutumie pale unapoona alama isiyoondoka. Na elewa kwamba kujisahihisha hakurudishi kemikali zilizokwisha. Kunasawazisha tu, kwa kutumia akiba ya nguvu iliyoachwa na mtengenezaji, na akiba hiyo ina mwisho. Zile video za mtandaoni za kumulika rangi kwa kasi "kuponya" kioo haziponyi kitu kwenye OLED. Zinachosha pikseli zote kwa pamoja, nzima na mbovu.

Kwenye gemu yenyewe, EA FC inakuruhusu kuondoa kiboksi cha matokeo na kile kiramani cha chini katika mipangilio ya mwonekano. Kiramani najua wengi hamwezi kucheza bila hicho, basi kibakize. Kiboksi ondoa, magoli utayakumbuka. Usipotaka kuondoa chochote, changanya gemu. Usiku wa GTA au wa mbio za magari unazipa pikseli za kona ile kazi nyingine, na skrini inachakaa kwa uwiano. Weka mwangaza wa wastani, chumba kiwe na mwanga mdogo. Usizime ile huduma ya kusogeza picha kidogo-kidogo, ingawa utaona ukingo unahama pikseli chache. Ipo kwa faida yako. Ukisimamisha mechi kwenda kula, zima monita kwa kitufe, maana menyu iliyoganda ni mbaya kuliko mechi. Na siku ukiiunganisha na kompyuta kufanya kazi za Excel kutwa, ficha upau wa chini wa Windows na uweke picha nyeusi nyuma. Kwa kweli kazi za ofisi zinachosha OLED kuliko gemu nyingi, kwa sababu dirisha jeupe na upau havisogei saa nane mfululizo.

Kuhusu joto, walichokuambia kina ukweli nusu. Joto linaharakisha kuchakaa, hilo ni sahihi, na Tanga ya kaskazi, Januari na Februari, ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari, ni joto haswa. Huhitaji kiyoyozi. Usiibandike monita ukutani, iache na nafasi nyuma, usizibe matundu ya juu kwa kitambaa, na feni ikiwa inapuliza chumba, inatosha. Hewa ya bahari ni habari nyingine. Kemikali za OLED kweli zinachukia unyevu na oksijeni, kiasi kwamba zikiguswa na hewa zinakufa, ndiyo maana kiwandani hufungwa zisipitishe chochote. Maadamu kioo hakijapasuka, chumvi ya Raskazone haifiki humo. Itakula soketi za HDMI na bodi ya umeme, kama inavyokula redio na friji zako.

Sasa hiyo ya jamaa. "Safi kwa macho" haitoshi, kwa sababu alama hazionekani kwenye video ya maonyesho yenye marangi mengi. Nenda usiku, au mwambie afunge pazia. Pakia kwenye flashi picha tano za rangi moja moja: kijivu cheusi sana, kijivu cha wastani, nyekundu, kijani na bluu. Zifungue kwa kompyuta iliyounganishwa na monita, zijaze skrini nzima, kaa umbali wa kama hatua moja, zitazame bila haraka. Angalia kona ya juu kushoto, chini katikati, na ukanda wote wa chini ambako upau wa Windows hukaa. Mistari hafifu ya wima au mlalo kwenye kijivu cheusi sana ni ya kawaida kwa vioo hivi, isikutishe. Umbo lenye kona ndilo baya: kiboksi, nembo, mstari mnyoofu unaogawa skrini katikati ambako mtu alikuwa akipanga madirisha mawili. Likionekana kwenye bluu kuliko kwenye nyekundu, una uhakika. Kisha fungua menyu ya monita. Baadhi zinaonyesha saa zilizotumika au mara ngapi imejisahihisha. Menyu ikionyesha saa, muulize ilitumika kwa kazi gani, kwa sababu saa 2,000 za filamu na gemu mchanganyiko ni nafuu kuliko 1,000 za ofisi.

Muulize pia waranti. Kampuni kadhaa, Dell wenye chapa ya Alienware wakiwemo, hutoa miaka 3 inayohusu hata alama za kuungua, lakini kwa kitu kilichonunuliwa Dubai kikauzwa mkononi Tanga, hesabu kwamba huna waranti na upange bei hivyo. Na ukifika kwake, iache iwake nusu saa kabla ya kuweka zile picha, ili kivuli cha muda kama kipo kiondoke na kibaki kile cha kudumu. Akikataa kuiwasha hiyo nusu saa, usitoe pesa.